Mboga za porini mvua zikianza: namna ya kuzitambua, kuzichuma na kuzipika bila kujidhuru

Msikilizaji, mvua za kwanza zikishanyesha hapa Nandagala, hazipiti wiki mbili kabla pembe za njia hazijaanza kubadilika rangi. Mahindi hayajafika hata magotini, lakini mchicha pori umeshatoka jalalani, mgagani umeota kwenye mahame na mlenda umejaa katikati ya matuta. Ndipo unapowaona kina mama na watoto wanapita na vikapu jioni, wakichuma kitoweo cha usiku.

Ruangwa na Nachingwea tuna msimu mmoja wa mvua. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili au Mei. Pesa ya korosho inaingia mwishoni mwa mwaka, na ikifika Januari nyumba nyingi zimeshaitumia kwa sare, madaftari, mbegu na vibarua. Kihenge nacho kinaanza kuonyesha sakafu, na mavuno mapya bado yako mbali. Kwa hiyo kuanzia Januari hadi Machi mboga ya porini si jambo la kujifurahisha. Kwa nyumba nyingi ndiyo mboga yenyewe.

Miezi hiyo ndiyo simu yetu ya kipindi inapopokea picha kwa wingi. Mtu anapiga picha ya majani, anatuma, anauliza: "Hii inalika?" Jibu letu ni lile lile kila mara, na leo nataka kulieleza vizuri. Hatumwambii mtu ale mmea kwa kuangalia picha. Picha ya simu haina harufu, haina utomvu, haionyeshi mzizi, wala haisemi shamba hilo lilipigwa dawa gani wiki iliyopita.

Makala hii haitakufanya uwe mtaalamu. Itakusaidia kujua maswali ya kujiuliza, mimea michache ya kuanzia, na ile ambayo hupaswi kuigusa. Isome pamoja na mtu mzima wa kwenu anayezijua mboga hizi.

Maswali matatu kabla ya kuchuma

La kwanza: ni mmea gani hasa? Usitegemee jina tu. Hapa kwetu wanaishi Wamwera, Wamakonde, Wamakua na Wayao, na kila lugha ina majina yake. Jina moja linaweza kubeba mimea mitatu, na mmea mmoja ukawa na majina matano. "Mlenda" peke yake ni jina la mimea kadhaa inayoteleza. Ukiambiwa na jirani aliyehamia kutoka wilaya nyingine kwamba "hii ni mboga", mwombe akuonyeshe mmea wenyewe shambani, siyo akutajie jina.

Angalia mambo haya: jani lina umbo gani na limekaaje kwenye shina, shina ni laini au lina nywele au miiba, ua lina rangi gani, ukivunja inatoka maji au maziwa, ukisugua mkononi inanukaje. Alama moja haitoshi. Zikipungua tatu, acha.

La pili: imeota wapi? Mboga nzuri mahali pabaya ni mboga mbaya. Usichume karibu na choo, mahali panapomwagwa taka za dukani, kwenye mtaro wa maji machafu, au ukingoni mwa barabara yenye magari mengi. Zaidi ya yote, jihadhari na dawa ya kuua magugu. Siku hizi wakulima wengi hupiga dawa hiyo mwanzoni mwa mvua badala ya kupalilia kwa jembe. Majani yaliyopigwa leo yanaweza kuonekana mabichi na mazuri kwa siku kadhaa kabla ya kunyauka. Macho hayawezi kukuambia. Muulize mwenye shamba. Ukimuuliza utakuwa pia umeomba ruhusa, nao ndio ustaarabu.

Kwa wenye mikorosho: kipindi cha kupuliza salfa na viuatilifu vingine, usichume majani yanayoota chini ya mikorosho wala pembezoni mwake. Upepo hauna mpaka.

La tatu: inapikwaje? Mboga nyingi za porini zinalika kwa sababu watu wamejua kuzipika. Wengine huchemsha na kumwaga maji ya kwanza, wengine hutwanga, wengine huchagua machipukizi tu na kuacha mbegu na matunda. Ukiijua mboga lakini hujui mapishi yake, bado hujaijua.

Mboga sita za kuanzia

1. Mchicha pori. Huu wengi tunaujua. Una majani ya mviringo yenye ncha, mishipa inayoonekana wazi kwa chini, na maua madogo madogo yaliyoshikana kama mkia juu ya shina. Kuna aina yenye miiba miwili mikali pale jani linapoungana na shina. Hiyo nayo hulika ikiwa changa, ila chuma kwa uangalifu. Chuma kabla haijatoa maua. Mchicha ulioota kwenye samadi nyingi au jalalani hunenepa sana, lakini usiufanye chakula cha kila siku. Chemsha, mwaga maji, kisha unga.

2. Mgagani. Jani lake limegawanyika vidole, mara nyingi vitano, kama kiganja kilichofunguliwa. Ukigusa shina unahisi vinywele vinavyonata, na ukisugua unapata harufu kali. Maua yake ni meupe au ya waridi hafifu, yenye nyuzi ndefu zilizochomoza. Ni mchungu kidogo. Watu huchemsha, humwaga maji, kisha huunga na karanga au maziwa.

3. Mlenda pori. Ninaousemea hapa ni ule wenye jani jembamba lenye meno kama msumeno pembeni. Tazama mwanzo wa jani, karibu na kikonyo: utaona nyuzi mbili nyembamba zimechomoza kama sharubu. Hiyo ni alama nzuri sana. Ua lake ni dogo la njano, na tunda lake ni refu jembamba. Ukisugua jani lenye maji linateleza. Tahadhari: tunakula majani, hatuli mbegu. Mbegu za mlenda huu zina sumu inayogusa moyo. Ukikuta mmea umeshakomaa na matunda yamekauka, uache.

4. Mchunga. Huu unaota kwenye mashamba yaliyolimwa na pembezoni mwa njia. Majani yake ni marefu, yana rangi ya kijani inayoelekea majivu, na yamekatika pembeni kama yanarudi nyuma. Ua ni la njano, na shina lina uwazi ndani. Ukivunja unatoa maziwa meupe, na ni mchungu kweli kweli, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Chemsha, mwaga maji, unga na karanga au nazi.

Hapa simama kidogo. Mimea mingi yenye maziwa ni ya hatari, na mingine ikikuingia jichoni inaweza kukudhuru vibaya. Mchunga ni mmoja wa michache inayolika. Kama huna uhakika kwamba ni mchunga, chukulia kila mmea wenye maziwa kuwa si chakula.

5. Mnavu. Ni mmea mdogo wenye majani laini, maua madogo meupe yenye kitovu cha njano, na matunda madogo ya mviringo yanayoning'inia kwa vishada. Majani machanga huchemshwa na maji kumwagwa. Matunda mabichi ya kijani yana sumu, watoto wasiyaguse. Mnavu unafanana na mmea wa hatari sana ukiwa bado mdogo, nitaueleza hapo mbele. Kama hujaona maua yake madogo wala matunda yake ya vishada, usichume.

6. Kisamvu cha mpira. Huu ni mti, siyo mboga ya shambani, lakini uko kwenye vijiji vingi vya kusini. Jani lake linafanana na la muhogo. Una sumu ile ile ya muhogo, inayoweza kuua. Dawa yake ni kutwanga vizuri mpaka majani yalainike kabisa, kisha kuchemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi ili mvuke utoke. Kisamvu kilichokatwakatwa tu na kuchemshwa harakaharaka kwa sababu watoto wana njaa si salama.

Mboga hizi kwa ujumla zina vitamini A, madini ya chuma na folati, vitu ambavyo mama mjamzito na mtoto mdogo wanavihitaji sana. Ili mwili upate vitamini A vizuri, tia mafuta kidogo, karanga au nazi. Ukikamulia limau au kutumia ukwaju, mwili hupokea chuma zaidi. Karanga ziwe safi, zisizo na ukungu.

Ukila mboga usiyoizoea kwa mara ya kwanza, hata kama inajulikana, kula kidogo na usiichanganye na nyingine. Mama mjamzito na mtoto mchanga aliyeanza kula wasiwe watu wa kujaribia.

Mizizi: ming'oko na ndugu zake wenye sumu

Mtu wa Lindi au Mtwara huhitaji kumweleza ming'oko ni nini. Ni viazi vya porini vyembamba, vinavyochimbwa vichakani, vinachemshwa na kuuzwa kwa mafungu stendi na barabarani. Mmea wake unatambaa juu ya vichaka, na majani yake ni ya umbo la moyo, kila kikonyo na jani moja. Wakati wake hasa ni baada ya mvua, shina linapoanza kukauka. Mvua mpya zikianza, kiazi kinaanza kuchipua na kunywea, kwa hiyo kuvichimba wakati huo ni kupoteza nguvu na kuua mmea.

Tatizo ni kwamba ming'oko ina ndugu. Kuna kiazi kingine cha mwituni ambacho kikonyo chake kimoja hubeba vijani vitatu, na shina lake mara nyingi lina miiba. Kwa Kiswahili viazi vya namna hiyo huitwa ndiga. Vina sumu inayogusa ubongo na mishipa ya fahamu. Wazee wa zamani walivila wakati wa njaa kubwa, lakini kwa kuvikata vipande vyembamba, kuviloweka kwenye maji yanayotembea kwa siku kadhaa, kisha kuvikausha na kuvipika. Nalieleza hili ili ujue kwa nini bibi alisema "kinalika", siyo ili ukajaribu. Kama hakuna mtu hai katika ukoo wenu aliyeifanya kazi hiyo kwa mikono yake, viache chini.

Na hata muhogo wetu wa kawaida unatufundisha jambo hilo hilo. Mwaka 1988, katika wilaya jirani ya Masasi, ukame ulipobana, watu waliugua baada ya kula ugali wa muhogo mchungu uliotayarishwa kwa haraka. Badala ya kuukausha kama makopa kwa muda wa kutosha, waliutwanga na kuuanika kwa muda mfupi ili wapate kula. Uko pia ugonjwa wa kupooza miguu ghafla uitwao konzo, unaotokana na kula muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri wiki baada ya wiki, hasa pasipo na chakula chenye protini. Umeshatokea hapa Tanzania, katika mikoa ya Mara, Ruvuma na Mtwara. Ukishapooza, miguu hairudi kama zamani.

Angalia basi: waliougua hawakukosea mmea. Walikosea mapishi, na njaa ndiyo iliyowaharakisha.

Jambo moja zaidi kuhusu kuchimba. Usiende porini peke yako. Maeneo ya Nachingwea na jirani zake yana tembo wanaoingia hadi mashambani, na wakati wa mvua majani yakiwa marefu humwoni mpaka umfikie. Nyoka nao wapo. Nendeni wawili au watatu, vaa viatu, beba fimbo, na umwambie mtu nyumbani mnaelekea upande gani.

Uyoga: hapa usijifunze kwa kusoma

Miti ya miombo inayotuzunguka inatoa uyoga mwingi mvua zikikolea. Upo ule mkubwa unaoota kwenye vichuguu, upo wa njano na wa rangi ya chungwa wenye umbo la tarumbeta. Tanzania ina utajiri mkubwa wa uyoga, kiasi kwamba mwaka 2003 wataalamu Marja Härkönen, Tuomo Niemelä na Leonard Mwasumbi walitoa kitabu kizima kuhusu uyoga wa Tanzania, unaolika na unaodhuru.

Lakini sitakueleza humu namna ya kutambua uyoga wa kula. Kosa la mboga ya majani mara nyingi linakupa tumbo. Kosa la uyoga linaweza kukupa kaburi. Nitakueleza tu ule wa kuuepuka.

Epuka uyoga wowote wenye mambo matatu kwa pamoja: mikunjo myembamba myeupe chini ya kofia, pete kama sketi kwenye shina, na kikombe au mfuko pale shina linapoingia ardhini. Watu wengi huvunja uyoga juu na kuacha kikombe kwenye udongo, kwa hiyo hawakioni. Kama ni lazima kuangalia, ung'oe wote na mzizi wake.

Epuka pia uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia juu, unaoota kwenye nyasi na viwanja vya shule baada ya mvua. Ukizeeka, chini ya kofia hugeuka kijani. Huo unatapisha na kuharisha vibaya.

Sumu ya uyoga hatari zaidi haiishi kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha. Na ina ujanja. Mtu anakula jioni, analala vizuri, anaanza kutapika na kuharisha usiku wa manane au asubuhi, saa sita hadi kumi na mbili au zaidi baadaye. Kesho yake anapata nafuu, watu wanasema amepona. Kumbe ini linaharibika. Siku ya tatu au ya nne hali inageuka. Kwa hiyo mtu aliyekula uyoga akaanza kutapika baada ya saa nyingi, mpelekeni hospitali hata kama amepata nafuu.

Kama kwenu mna aina mbili za uyoga mnazozijua tangu kwa mababu, kuleni hizo mbili. Msiongeze ya tatu.

Mimea ya kuwaonyesha watoto mapema

Watoto ndio wanaozunguka vichakani kuliko sisi. Usiwaambie tu "msile ovyo". Wachukue, waonyeshe mmea wenyewe, uutaje.

Mnanaha. Huu ndio ule unaofanana na mnavu ukiwa mdogo. Ukikua unatoa ua kubwa kama tarumbeta, jeupe au la zambarau, na tunda la mviringo lenye miiba lililojaa mbegu nyingi. Majani, mbegu, maua, vyote ni sumu. Aliyekula hukauka mdomo, ngozi inapata moto, mboni za macho zinakuwa kubwa, anaanza kuweweseka na kuona vitu ambavyo havipo.

Katika eneo la Karamoja, Uganda, mwaka 2019, watu karibu 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula chakula cha msaada kilichoingiwa na sumu ya mimea ya jamii hii. Kilikuwa unga wa uji, chakula cha kawaida kabisa. Mbegu chache zikichanganyika na nafaka zinatosha. Kwa hiyo ukivuna maharage, mbaazi au ufuta kwenye shamba lenye mnanaha, ung'oe mnanaha kabla ya kuvuna na upepete kwa makini.

Na tafadhali, mtu akianza kuweweseka ghafla baada ya kula, msikimbilie kusema ana mashetani au amerogwa. Ulizeni kwanza amekula nini.

Mbono kaburi. Unapandwa kama uzio na makaburini. Kokwa yake ina utamu kama karanga, na hapo ndipo watoto wanaponaswa. Mimi mwenyewe nikiwa darasa la tatu tulizila watu watatu tukitoka shule. Hatukufika nyumbani kwa miguu yetu. Nakumbuka tumbo lile mpaka leo.

Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo: mbegu zake nzuri zenye madoa zina sumu kali.

Mturituri: ule unaotambaa wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto huzitunga shanga. Mbegu iliyotafunwa inaweza kuua.

Muhogo mchungu mbichi. Mtoto akipita kwenye shamba la watu na kung'oa, hajui ni mtamu au mchungu. Afundishwe kutokula muhogo mbichi asiopewa na mkubwa wake.

Maneno yanayodanganya

Haya nayasikia kila msimu, na hakuna hata moja lililo kweli.

"Mbuzi amekula, basi inalika." Tumbo la mbuzi si tumbo la mtu. Mbuzi, nyani na ndege hula vitu vinavyotudhuru sisi.

"Wadudu wameutoboa, kwa hiyo uyoga ni salama." Wadudu hula uyoga wenye sumu bila shida.

"Pika na kitunguu au mchele, ukibadilika rangi ujue ni sumu." Uyoga unaoua unaweza kupikwa na kitunguu na kisibadilike chochote.

"Chungu ni sumu, kitamu ni chakula." Mchunga ni mchungu na ni mboga. Kokwa ya mbono ni tamu na ni sumu.

"Nionje kidogo tu." Kwa uyoga na mbegu za mnanaha, kidogo hicho kinaweza kutosha.

Ukihisi mtu amekula sumu

Fanya haya, kwa utaratibu huu:

1. Mwambie aache kula, ateme kilichobaki mdomoni, asukutue kwa maji safi.
2. Usimlazimishe kutapika. Usimpe mafuta ya kula, maziwa mengi, maji ya chumvi wala majivu.
3. Kama amezimia au anasinzia sana, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi. Usimpe kitu chochote mdomoni.
4. Mpeleke zahanati au kituo cha afya mara moja. Usisubiri asubuhi. Hali ikiwa kubwa, ombeni apelekwe hospitali ya wilaya.
5. Beba mabaki ya chakula, na mmea wenyewe ukiwa na majani, ua, tunda na mzizi. Kwa uyoga beba mzima na kikombe chake. Hapa ndipo picha ya simu inaposaidia: piga picha ya mmea na mahali ulipoota.
6. Kumbuka amekula saa ngapi, kiasi gani, na nani wengine wamekula. Waliokula naye waangaliwe hata kama hawajaumwa.

Wizara ya Afya ina namba ya bure ya kuuliza mambo ya afya, nayo ni 199. Iweke kwenye simu yako leo, ukiwa huna shida.

Chuma ukibakiza

Mboga ya majani ikatwe juu, ising'olewe, ili ichipue tena. Acha mimea michache itoe mbegu kwa ajili ya mwaka kesho. Ukichimba ming'oko, rudisha udongo na uache sehemu ya juu ya mzizi. Kabla ya kuingia kwenye msitu wa hifadhi au msitu wa kijiji, uliza ofisi ya kijiji utaratibu ukoje.

Mgagani, mnavu na mchicha pori vinakubali kupandwa. Kusanya mbegu zilizokauka, zipande karibu na bafu au mahali mnapooshea vyombo, na utakuwa na mboga unayoijua mwenyewe, mahali unapopajua mwenyewe.

Kabla hujaondoka

Bibi yangu alinifundisha mchunga nikiwa na miaka kama saba. Hakuniambia jina. Alinipa jani, akaniambia nilivunje, ninuse, nilambe kidogo nione uchungu, kisha akanituma nikatafute lingine peke yangu. Nilirudi mara nne na majani yasiyo yenyewe. Mara nne aliyatupa, akanirudisha. Mara ya tano alitia kikapuni.

Elimu hiyo haingii kwenye simu, na wenye nayo wanazidi kupungua. Kama una bibi, mama mkubwa au jirani mzee anayezijua mboga za kwenu, msimu huu mwombe mtoke naye asubuhi moja. Nenda na mtoto. Jifunzeni mmea mmoja tu, mpaka muujue kwa mkono na kwa pua. Mwaka kesho mtaongeza mwingine.

Usilolijua ni sawa na usiku wa giza, na kwenye giza hatuchumi mboga.